Benchi la Pili

Siku niliyoanza kazi maabara nilikuta sinki limejaa vichupa vya kioo vyenye damu iliyoganda, na mtu mrefu mwenye koti jeupe amenipa mgongo, anachungulia hadubini. Hakugeuka. Aliniuliza kama naogopa damu.

"Naogopa njaa, mzee," nikamjibu.

"Basi tutaelewana," akasema, akanionyesha kwa kidole beseni la dawa ya kuulia viini.

Huyo alikuwa Mkuu wa Maabara wa hospitali yetu ndogo kando ya Barabara ya Jogoo, na ndiye aliyenilea kikazi. Nyinyi mnaoingia maabara siku hizi mnakuta kila kitu kimefungwa kwenye plastiki, unatumia, unatupa. Sisi hatukutupa. Kichupa kikishatumika kilikuwa kinalowekwa, kinasuguliwa kwa brashi, kinachemshwa na kurudi kazini. Sindano nazo zilichemshwa, na zikiwa butu zilinolewa kwenye jiwe. Glavu zilifuliwa, zikaanikwa kwenye kamba nyuma ya jengo zikining'inia kama mikono ya watu waliokwenda zao. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo: kuosha.

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha kwanza. Baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa ya reli na tuliishi Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi. Alianza kwa uchovu, macho yakageuka manjano, kisha tumbo likajaa maji huku mikono ikibaki mifupa. Majirani walisema ni chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Baba yangu alikuwa mlokole ambaye hata uji uliochacha hakuugusa, lakini tumbo likishafura hivyo mtaani, hukumu huwa imeshatolewa. Tulimzika kwetu magharibi. Siku ya kunyolewa wazee walituketisha mstari mmoja, mama kwanza, kisha mimi mkubwa, kisha ndugu yangu Ezekiel, kisha Salome aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Wembe ulikuwa mmoja. Walituambia tunanyolewa ili kifo kisitufuate.

Mama hakukaa sana. Tumbo lake lilifura kama la baba. Nyumba ya reli ilikuwa ya mfanyakazi, na mfanyakazi alikuwa amekufa, kwa hiyo tukahamia chumba kimoja Majengo, mimi na wadogo zangu wawili. Ndiyo maana nilipoulizwa kuhusu damu nilijibu vile.

Baada ya kuosha kwa muda mrefu, Mkuu wa Maabara alinisogeza kwenye mashine ya kuzungusha damu. Unaweka vichupa viwili vikitazamana, uzito sawa, la sivyo mashine nzima inatetemeka na kutembea juu ya meza. Ikisimama, damu imegawanyika: nyekundu imekaa chini, juu yake pamebaki maji, ndiyo tunaita seramu. Rangi ya seramu ya mtu mwenye afya ni kama majani makavu yaliyolowa kidogo. Ya mgonjwa wa ini ni kama bizari. Mara ya kwanza kuiona hiyo nilisimama na kichupa mkononi hadi mzee akaniuliza kama nimegeuka mnara.

"Ni macho ya baba," nikasema.

Hakuniuliza zaidi. Alikichukua kile kichupa, akakiweka kwenye kishikio, akasema kwa upole ambao hakutaka usikike, "Kila kilicho ndani ya kichupa ni mtu. Usikikodolee. Kipime."

Kutoa damu nilifundishwa na Sista Mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nikishika mkono wa mgonjwa nikiupapasa muda mrefu kutafuta mshipa.

"Wee Rispa, unamposa?" alinikemea mbele ya foleni nzima. "Mshipa haubembelezwi. Gonga mara mbili uamke, kisha ingia kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi."

Foleni ikacheka. Tangu siku hiyo sikubembeleza mshipa tena.

Nikahamishiwa zahanati ya Majengo, nikakaa huko miaka mingi nikitoa damu na kupima malaria, mimba na choo. Kisha nikarudishwa hospitali ile ya Barabara ya Jogoo ilipofungua kliniki ya ini siku za Jumanne. Mkuu wa Maabara alikuwa yuleyule, amepata mvi na miwani. Wakati huo chanjo ya homa ya ini aina ya B ilikuwa imetufikia sisi wafanyakazi, na kabla ya kuchanjwa kila mmoja alipimwa. Kipimo changu kilionyesha kwamba kirusi kiliwahi kuingia mwilini mwangu na mwili ukakishinda. Nilibaki na kinga tu, kama mtu anayebaki na kovu la tetekuwanga.

Mzee aliniita pembeni. "Nyumbani kwenu nani aliugua?"

Nikamweleza habari za baba, za mama, na za wembe.

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Kirusi hiki kina tabia moja," akasema. "Kikimkuta mtu mkubwa, mara nyingi mwili hupigana nacho ukakitoa. Kikimkuta mtoto mchanga au mtoto mdogo, mwili haukitambui. Hukiacha kikae, nacho hukaa miaka thelathini, arobaini, kikila ini polepole. Inawezekana wadogo zako walikipata kwa mama yenu wakizaliwa, inawezekana ni wembe. Hatutajua. Walete."

Kwa hiyo kilichoniokoa ni umri tu. Nilizaliwa kabla yao. Nimeishi na jambo hilo na sijalipatia pa kuliweka.

Niliwaleta. Ezekiel alikuwa ameshakuwa fundi wa kuchomelea, anatengeneza masanduku ya bati kwenye jua kali karibu na soko la Gikomba, mabega mapana, kelele nyingi. Salome alikuwa anauza mitumba sokoni humohumo, mkimya, anapima neno kama anavyopima kitambaa. Wote wawili walikutwa na kirusi.

Sasa niwaeleze habari za mabenchi, kwa sababu wengi wenu hamkuyakuta.

Mgonjwa akishakutwa na kirusi, tulimpima tena kwa kipande kingine cha kupimia, kinachoonyesha mstari wa e. Hiyo e ni protini ambayo kirusi huimwaga kwenye damu kinapozaliana kwa kasi. Mstari ukionekana, tulijua moto unawaka. Mgonjwa huyo aliketi kwenye benchi la kwanza, lile lililokuwa mlangoni kwa daktari, akafuatiliwa mara kwa mara, na dawa zilipokuja, yeye ndiye aliyefikiriwa. Mstari usipoonekana, tulisema kirusi kimetulia. Mgonjwa aliketi kwenye benchi la pili, karibu na mlango wa nyuma, akapewa mawaidha na kuambiwa arudi akijisikia vibaya. Vipimo vya kuhesabu virusi vyenyewe kwenye damu vilikuwa mbali na ghali. Tulifanya kazi kwa kile tulichokuwa nacho, na hospitali nyingi zilifanya vivyo hivyo.

Lakini mtaani benchi ni benchi. Watu walituona kupitia uzio. Kabla ya muda mrefu, kutoka Makongeni hadi Tassia, mtu aliulizwa, "Wewe ni wa benchi gani?" Wa benchi la kwanza aliwekewa kikombe chake peke yake. Wa benchi la pili alisalimiwa kwa mikono miwili.

Salome alianzia benchi la pili tangu siku ya kwanza. Ezekiel alianzia la kwanza. Aliketi pale huku amejikunyata, kofia imeshuka hadi machoni, yeye ambaye nyundo yake ilisikika hadi ng'ambo ya mto.

Kisha Jumanne moja, baada ya kufuatiliwa muda mrefu, mstari wake wa e haukuonekana. Tulirudia. Haukuonekana. Sista Mkuu alimshika mkono akamhamisha mwenyewe, hatua chache za korido, kama anampeleka bwana harusi madhabahuni.

"Niaje, siz!" Ezekiel alinipigia kelele dirishani. "Nimepandishwa cheo!"

Jioni hiyo tulichinja kuku. Salome alipika chapati, na majirani waliokuwa wakimkwepa ndugu yangu wakaja na masufuria yao.

Wakati huo Ezekiel alikuwa anachumbia Muthoni, binti wa fundi cherehani mmoja wa Majengo, familia ya watu wa kanisa kutoka Murang'a. Wazee wao walikuwa wamesikia habari za tumbo la nyumba yetu. Siku ya kuzungumza mahari, baba yake Muthoni alisafisha koo. "Tunawapenda," akasema. "Lakini binti yetu hatumpeleki kwenye nyumba ya jeneza."

Ezekiel alisimama. Si desturi ya kijana kusema siku ile, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mahali pa wazazi, lakini alisimama. "Mzee, mimi ni wa benchi la pili. Ulizeni hospitali."

Wakauliza. Wakakubali. Sista Mkuu alisisitiza Muthoni achanjwe kabla ya harusi, na binti yao alipozaliwa akachanjwa pia, na kwa hilo namwombea Sista huyo kheri hadi leo. Ezekiel akahamia Tassia kwenye chumba kwenye ghorofa za kupanga, na neno lake lile likawa msingi wa nyumba yake. Nyumba ile ilisimama juu ya benchi.

Miaka ikapita. Kliniki ya ini ilipata vifaa kidogo, na maneno mapya yakaanza kutufikia, lakini polepole. Mimi nilianza kumwona Ezekiel anapumzika. Anakaa juu ya sanduku analolitengeneza, nyundo iko mapajani. Jasho lake lilikuwa jingi, mikono yake imekuwa myekundu viganjani. Nilimwambia aje apimwe.

"Nikae benchi gani?" akaniuliza.

"Ukae popote, Zeki. Nikutoe damu tu."

"Hapana, siz. Mtu akiniona kwenye lile la kwanza, mzee wa Muthoni atajua kabla sijafika nyumbani. Atasema nilimdanganya. Mimi niko fiti. Ni hii kazi ya moto tu."

"Nitakutolea damu hapa hapa."

"Halafu utaipeleka wapi? Si kule kule?" Akacheka, akanipigapiga bega kama mimi ndiye mgonjwa. "Wacha noma, Dada Rispa. Ugonjwa ukishaondoka huuiti kwa jina."

Alipotapika damu, ilikuwa Jumapili mchana, kanisani. Tulimkimbiza hospitali kuu. Huko tukakutana na Daktari wa Ini, mwanamke mdogo wa umbo anayeongea akikutazama usoni. Alimpiga picha ya tumbo na akapeleka damu ihesabiwe virusi. Majibu yaliporudi alituketisha sote, Ezekiel, Muthoni, Salome na mimi. Salome ndiye aliyetaka kukaa karibu na mlango.

Daktari alitueleza hivi. Kirusi kinapozaliana hujinakili mara nyingi mno kwa siku, na katika kunakili hukosea, kama mwanafunzi anayeandika haraka. Makosa mengi hukiua chenyewe. Lakini kosa moja dogo hukifanya kiache kutengeneza ile protini ya e, na bado kiendelee kuzaliana. Mwili ulikuwa umeshaanza kuvitambua virusi vyenye e na kuvipiga, kwa hiyo vile vilivyobadilika, visivyo na e, ndivyo vilivyobaki na kutawala. Kwenye kipimo chetu mstari ukapotea. Ndani ya ini vita havikuisha hata siku moja.

"Si kila asiye na mstari yuko hivyo," akasema. "Wengine kirusi chao kimetulia kweli. Lakini kipande kile peke yake hakiwezi kuwatofautisha. Lazima uhesabu virusi, upime ini lenyewe, tena na tena."

Ezekiel aliiinamia meza ya daktari. "Kwa hivyo mwizi aling'oa namba ya gari," akasema, "akaendelea kuiba."

Daktari alicheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka. "Ndiyo," akasema. "Hivyo hasa."

Alitueleza yaliyobaki. Ini limejaa makovu, limekuwa gumu, damu inakosa njia ya kupita ndani yake na inarudi nyuma, mishipa ya koo la chakula imefura na ndiyo iliyopasuka. Na juu ya ini hilo gumu pana uvimbe. Alisema saratani kwa jina lake. Vidonge vingezuia kirusi, lakini uvimbe ulikuwa mkubwa mno kukatwa. Ezekiel aliuliza kama angeweza kurudi kwenye masanduku. Daktari akamwambia afanye kazi nyepesi. Ezekiel akaitazama mikono yake. "Daktari, mimi sijui kazi nyepesi."

Tukiwa nje, nilimshika Salome mkono. "Wewe pia huna mstari. Twende wakuhesabie virusi."

"Mimi sina shida yoyote."

"Na yeye hakuwa na shida."

Aliutoa mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja. "Dada, nimeona mnavyojua. Mtaa ulijua baba ni pombe. Mlijua Zeki amepona. Niache na kutojua kwangu."

Nilirudi kazini Jumatatu nikamweleza Mkuu wa Maabara. Alikuwa anakaribia kustaafu. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, na nilipomaliza alitoka koridoni, akaenda akakaa kwenye benchi la pili peke yake, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote. Hatukuwa tumefanya uvivu. Tulifuata utaratibu tuliopewa na watu waliofuata utaratibu waliopewa. Hilo halikumsaidia. Alikaa pale hadi chakula cha mchana kikapita.

Aliporudi alituita, Sista Mkuu na mimi. "Wale wote waliopita mlango wa nyuma," akasema, "warudi."

"Tutawapata wapi, mzee?" Sista akauliza. "Watu wa mitaa hii wanahama kila kodi ikipanda."

"Rispa ametoa damu zao. Rispa anajua nyuso."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya mwisho, na ndiyo sitaisahau. Asubuhi nilitoa damu, mchana nilitembea. Majengo, Makongeni, Tassia, Pipeline, nagonga milango. Wako waliokuja. Wako waliokutwa kirusi chao kimetulia kweli, wakanishukuru. Wako waliokutwa wamechelewa kidogo tu, wakaanza vidonge, na wengine wao wanatembea hadi leo. Lakini wengi walinizuia kizingitini.

"Mama, mimi ni wa benchi la pili," mwanamume mmoja wa Tassia aliniambia, amejaza mlango, mtoto nyuma ya magoti yake. "Mliniambia wenyewe."

"Tumejua zaidi tangu wakati ule."

"Basi subirini mjue zaidi ya hapo, kisha mje."

Mlango mwingine Makongeni ulifunguliwa na mjane. Nilimtaja mumewe kwa jina, nikauliza yuko wapi. "Tumbo lilijaa," akasema. "Watu wamesema alikuwa anakunywa kwa siri. Alikuwa anakunywa?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakuwa anakunywa."

Akanikaribisha ndani, akanitengenezea chai, na tukainywa pamoja.

Na kila jioni nilipita kwenye kibanda cha Salome sokoni. Nilisaidia kukunja nguo. Siku nyingine nilimwomba aje apimwe, siku nyingine nilikunja tu. Alizidi kunifukuza kwa adabu. "Dada, kesho usije, utachoka." Nami nilikuja.

Ezekiel alifia nyumbani, Muthoni amemshika miguu. Karibu na mwisho alikuwa anasema hovyo, kwa maana ini lililoshindwa huacha sumu ipande kichwani, nanyi mkikutana na mgonjwa wa namna hiyo msikasirikie maneno yake. Aliniita mama mara nyingi. Niliitika. Nilikuwa nimemwitikia hivyo tangu utoto wake.

Tulimsafirisha magharibi. Mchungaji alinipa wasifu niusome, na palikuwa na yale maneno tunayoyasoma kwenye kila kaburi, kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Nilifika hapo nikasimama. Nikawaambia waombolezaji kwamba ndugu yangu hakuugua muda mfupi. Aliugua tangu utoto. Nikautaja ugonjwa kwa jina lake, nikasema ndio uliomuua baba na mama, si pombe, si mtu wa kijiji hiki aliyewaroga. Nikasema alikuwa na kirusi kilichobadilika kikajificha, na kwamba yeyote aliyeambiwa amepona kwa kipimo kile arudi apimwe.

Baba mdogo alinivuta sketi. "Keti, Rispa. Hayo ni ya ndani."

"Ya ndani ndiyo yaliyotumaliza, baba mdogo."

Baba yake Muthoni alikuwa ameketi safu ya mbele. Nilidhani atainuka aondoke. Alivua kofia, akaishikilia magotini, akabaki.

Siku ya kunyolewa, wazee walituketisha mstari uleule, mbele ya nyumba ileile: Muthoni, mimi, Salome, binti ya Ezekiel. Mzee mnyoaji alitoa wembe kwenye mfuko wa shati. Mmoja. Nilisimama nikaenda dukani barabarani, nikarudi na pakiti nzima. Nikampa kila mtu wembe wake mkononi, bado uko kwenye karatasi.

"Tangu lini tunanyolewa kama watu wasiojuana?" mzee akanung'unika.

"Tangu leo, baba."

"Kifo hakihesabu nyembe, mwanangu."

"Kinahesabu," nikasema. "Kilituhesabu hapa hapa."

Mzee akaufungua wembe wa Muthoni, akaanza. Alipomaliza kwangu akautupa, akafungua wa Salome. Salome aliinamisha kichwa, nywele zinaanguka begani. Kichwa chake kilipobaki kitupu, kidogo, kama kilivyokuwa siku ile mgongoni, aliomba apewe wembe wake. Akaufunga kwenye karatasi yake, akaikunja na kuikunja tena. Akaniuliza bila kunitazama, "Dada, Jumanne mnafungua saa ngapi?"

Virusi vyake vilikuwa vingi. Ini lake lilikuwa limeanza makovu, lakini halijawa jiwe, na hapakuwa na uvimbe. Daktari wa Ini alisema vidonge kila siku, bila kukatiza, kwa sababu ukiviacha kirusi huinuka upya kwa hasira, na picha ya tumbo kila nusu mwaka maisha yote. Hakumwahidi zaidi ya hayo. Nami siwaahidi nyinyi zaidi ya hayo kumhusu.

Mkuu wa Maabara alistaafu na akafariki. Sista Mkuu yuko kijijini kwao anafuga kuku na kuwapigia kelele. Mimi nilistaafu baada yao, nikapewa leso na saa ya ukutani, na chakula kizuri. Waliniomba niseme neno kwa vijana wa maabara nikashindwa, ndiyo maana naandika. Kama ningesema, ningesema hivi: kipimo hukujibu swali ulilokiuliza tu. Kile kipande tulikiuliza kama kuna protini ya e, kikasema hapana, na kilisema kweli. Sisi ndio tuliokwenda mtaani tukasema mtu amepona. Mkiona mstari haupo, msimpe mtu mlango wa nyuma. Na mkumbuke kwamba kitu chochote mkiweka koridoni, hata benchi, watu watakipeleka nyumbani kwao na kuoa kwacho.

Benchi la pili liliondolewa. Liko getini siku hizi, mlinzi analikalia. La kwanza limebaki pale pale mlangoni kwa daktari, na Jumanne ya Salome ikifika huwa tunakwenda pamoja na kuketi. Mara ya kwanza aliketi ukingoni, shuka imemfunika kichwa, na watu wakamwachia nafasi ambayo hakuiomba. Mimi niliketi nikiwa nimebanana naye, bega kwa bega. Aliyetaka kujua mimi ni wa benchi gani alijionea.

Jumanne iliyopita alikuja mwanamume wa makamo, mgeni, sare ya kiwanda, macho yana manjano kidogo. Aliona benchi, akaona ni lipi, akajiegemeza ukutani upande wa pili akijifanya anasoma bango. Alisimama hivyo akibadilisha mguu wa kuegemea. Salome, ambaye siku hizi hajifuniki, alisogea kunielekea, akapigapiga ubao kwa kiganja.

"Keti, kaka," akamwambia. "Hili halijaua mtu."